Fisi wa Mama Vifungo

Baba yangu ni fundi viatu, na tangu nimjue hajawahi kuandika kitu zaidi ya jina la mteja kwa chaki chini ya soli. Kwa hiyo asubuhi ile aliposimama mlangoni mwa saluni yangu, shati amechomekea, akasema twende tukachague kadi za salamu, nilidhani anaumwa. Nikamuuliza kadi za nini. Akasema za ndugu. Nikauliza ndugu wamefanya nini. Akasema hawajafanya kitu, kwani mtu hawezi kusalimia ndugu zake? Nikamtazama vizuri. Alikuwa amenyoa ndevu pia.

Mimi sina subira, bora niseme mapema, lakini siku hiyo niliuma ulimi kwa sababu nilijua tunakoelekea. Mapenzi ni kikohozi, na baba yangu alikuwa anakohoa mtaa mzima unasikia. Kila mara alikuwa dukani kwa Mama Vifungo kununua uzi, na uzi aliokuwa nao ungetosha kushona viatu vya jeshi zima. Mama Vifungo anauza vifungo, zipu na lastiki. Ni mwanamke mnene, mcheshi, aliyewalea wadogo zake mpaka kila mmoja akapata kwake, na yeye mwenyewe asipate nafasi ya kuolewa. Kicheko chake unakisikia ukiwa ng'ambo ya barabara na mlango umefungwa.

Sikuwa na ubaya naye hata kidogo. Ila mama yetu alikuwa ameshatutoka, na kila nikimwona baba anarudi na uzi wake huku anapiga mluzi, roho ilikuwa inaniuma. Kisha nikawa naona aibu kwamba inaniuma. Ndivyo nilivyokuwa naishi.

Duka la kadi liko nyuma ya duka la dawa, chumba chembamba kama korido. Mwenyewe ni binti mmoja mwenye rangi kwenye kucha, na kadi zote anazichora kwa mkono wake. Zote ni za wanyama wa kwenye hadithi. Simba amejaza rola kichwani anasoma gazeti. Kobe yuko juu ya baiskeli, nyumba yake mgongoni, kapu la mboga mbele. Zimwi limevaa miwani linafuma soksi za mtoto. Baba alicheka mpaka akashika meza.

Basi tukachagua. Mdogo wangu wa kiume, aliyechelewa hata harusi yake mwenyewe, akapata Kobe. Shangazi yangu, anayeweza kukuuzia koti lako ukamshukuru, akapata Sungura aliyevaa miwani myeusi. Mimi nikapewa Zimwi. Nikataka kujua kwa nini. Baba akasema kwa sababu ya kufuma. Nikamwambia mimi nasuka, sifumi. Akasema sawa, nimekuelewa, na Zimwi akalitia kwenye kapu.

Kisha akaishika kadi ya Fisi. Fisi alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yenye shughuli, koti limefungwa vizuri, mwavuli mkononi, meno yote nje, anakaribisha watu.

Hapa lazima nieleze mambo ya nyumbani kwetu. Kwa watu wengine wote Fisi ni mlafi, mjinga na mwoga, na Sungura ndiye shujaa. Sisi hatukulelewa hivyo. Mama alikuwa anasimulia kwa namna yake. Sungura wake alikuwa tapeli ambaye hakuna mtoto aliyetaka kufananishwa naye, na Fisi wake ndiye aliyekuwa na moyo kuliko wanyama wote. Ukimwachia ndugu yako kipande kikubwa, mama anakwambia, "Fisi wangu," na wewe unakwenda kulala kichwa kimevimba. Baba naye alimwita mama Fisi mpaka siku za mwisho. Hospitalini muuguzi mmoja alimfokea mbele ya wodi nzima kwamba anamtukana mgonjwa. Mama alicheka sana. Sisi tukasema muuguzi hajui hadithi, yakaishia hapo. Hatukujifunza kitu.

Baba hakuitia ile kadi kwenye kapu. Aliishika kwa mikono miwili akaniuliza bila kunitazama, "Huyu nimpe Mama Vifungo?"

Nilijua haniulizi habari za kadi. Ningeweza kusema mpe Simba, Simba ni mzuri, na angetii, kwa sababu baba yangu ndivyo alivyo. Nikapiga moyo konde. "Mpe," nikamwambia, kisha nikaenda kukagua bahasha, ambazo zote zilikuwa nyeupe.

Yule binti wa duka alituuliza kama tumegombana na huyo mtu, maana Fisi watu wanamnunulia mawifi na mabosi wao. Tukadhani anatania. Baba akaomba kalamu, akafikiri hadi jasho likamtoka puani, akaandika maneno matatu: Wewe ndiye huyu. Chini yake akatia jina lake lote, na cheo chake, Fundi Viatu, ili pasiwe na mashaka.

Kadi zilipowafikia wenyewe, wa kwanza kulipuka alikuwa shangazi. Alinipigia simu nikiwa na kichwa cha mtu mikononi, akataka kujua tangu lini kaka yake anamwona yeye ni Sungura, na kama mimi ni Zimwi na mdogo wangu ni Kobe, basi Fisi amepewa nani? Nikamwambia atulie. Akasema hatulii, amemfulia kaka yake nguo tangu wakiwa watoto na kama kuna Fisi katika ukoo huu ni yeye. Mdogo wangu naye akapiga kulalamika, ila yeye alipiga siku ya tatu, kama kawaida yake.

Mama Vifungo hakupiga wala hakuja. Baba akawa anafagia mbele ya kibanda chake mara kwa mara, macho kule dukani kwake. Siku zikapita. Halafu jioni moja akaja saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja, chini ya mashine ya kukaushia nywele, akasema kwa sauti ndogo kwamba ameona viatu vya Mama Vifungo. Viko wapi? Vimetundikwa kwa yule fundi mwingine, wa upande wa pili wa barabara. Vile vyeusi vya kamba, ambavyo yeye mwenyewe aliviwekea kisigino. Akakaa hapo mpaka nikafunga.

Kesho yake alikuja mpishi wa shule kusuka. Huyo mama ukimshika kichwa, habari zinamtoka zenyewe. Akaniuliza kama nimesikia alivyotukanwa Mama Vifungo. Kuna mwanaume, jina Mama Vifungo hamtaji, eti mtu mzima na akili zake, amempelekea picha ya fisi, meno yote nje, na kuandika chini kwamba wewe ndiye huyu. Kwa ajili ya kile kicheko chake, maskini, na mwili wake. Mpishi akasema siku hizi Mama Vifungo akitaka kucheka anaziba mdomo kwa kiganja. Na amekwishapata mtu wa kumkodishia duka, mwisho wa mwezi anahamia kwa mdogo wake, mbali huko, akapumzike na macho ya watu.

Mikono yangu ilisimama. Kumbe zawadi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo nyumbani, tuliyoigawa huku machozi yakinilenga, huko nje ilikuwa tusi. Niliona aibu hadi kwenye unyayo. Nikamwambia mpishi asiondoke, nusu ya kichwa chake ikiwa na mistari na nusu imesimama, nikatoka mbio.

Baba nilimkuta anapiga misumari. Nilipomweleza, aliweka nyundo chini, akasema basi yamekwisha, maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia tukitaka kukaa hapa na methali tutakaa, lakini mwanamke anahama. Nikamkokota kwa mkono wa shati, aproni yake ya ngozi ikiwa bado shingoni.

Dukani Mama Vifungo alikuwa anapanga vifungo kwenye makopo ya kioo. Alituona, akaendelea kupanga. Nikaanza kumweleza mambo ya nyumbani kwetu, mbiombio, mara mama, mara muuguzi, mara Sungura tapeli. Akainua mkono.

"Binti yangu, aliyeandika si wewe," akasema. "Yeye hana mdomo?"

Baba yangu na maneno hawapatani. Alisimama pale anavuta kamba za aproni, nikadhani ataanguka. Kisha akaanza, na alianza kama mama alivyokuwa anaanza, kwa sauti ya chini ili msikilizaji asogee.

Alisema hapo kale wanyama waliandaa karamu, na chakula kikawa kidogo kuliko wageni. Fisi ndiye alikuwa mwenyeji, akasimama mlangoni kuwakaribisha. Kila mgeni aliyeingia akapewa sahani. Yeye hakuwa amekula tangu jana yake, na tumbo lilikuwa linanguruma. Akaona wageni wakisikia watapata haya, wataacha kula. Akaanza kucheka. Tumbo likinguruma, anacheka. Likizidi, anacheka zaidi, mpaka wanyama wote wakasema huyu bwana ana furaha gani. Walipoondoka, ilibaki mifupa. Wakamuuliza na wewe je? Akajibu ameshiba, na hata hivyo yeye anapenda mifupa.

"Tangu siku hiyo watu wanasema fisi anapenda mifupa," baba akasema. "Hapendi. Ndiyo aliyobakiziwa."

Mama Vifungo alikuwa ameshika kifungo kimoja kikubwa cha koti. Alikigeuza, akakigeuza tena. Nilifikiria wale wadogo zake, kila mmoja kwake, na yeye nyuma ya kaunta anacheka.

Akauliza aliyekuwa anasimulia hivyo ni nani. Baba akasema ni marehemu mke wake. Akauliza, naye ulikuwa unamwitaje? Baba akatazama chini, na hakudanganya. Akasema alimwita Fisi.

Mama Vifungo akafungua droo, akatoa ile kadi, akaiweka juu ya kaunta akaisukuma polepole mpaka mbele ya baba. Nilijua kwa hakika kwamba anaturudishia chetu na mlango ni ule.

"Nimekuelewa, na sina kinyongo," akasema. "Lakini hii siwezi kuichukua, ina mwenyewe. Na mifupa nimeila ya kutosha. Kama unanitaka, nitafutie mnyama wangu."

Baba akakiri kwamba hana hadithi nyingine, anajua hiyo moja tu, tena ya kuazima.

"Basi vuta stuli ukae," Mama Vifungo akasema. "Itungwe."

Baba akanitazama. Ilikuwa mara ya pili ananiuliza swali lile lile, na mara hii sikwenda kuangalia bahasha. Nikamvua aproni, nikaichukua ile kadi ya mama nikaitia mfukoni kwangu, nikamsogezea stuli. Nililia, ndiyo, na sikujificha. Mama Vifungo akanipa kipande cha bitana nipangusie macho.

Nikawaacha, maana mpishi alikuwa bado ananisubiri na nusu kichwa chake. Nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia baba anakohoa, anaanza.

"Hapo kale alikuwepo mnyama mmoja."

"Mnyama gani?" Mama Vifungo akauliza.

"Jina lake bado sijalijua," baba akasema. "Ila huyu, kabla hawajafika wageni, alikula kwanza."