Sindano Ndani ya Brashi

Kananu hakuiona sindano. Baadaye, alipoulizwa na kila mwenye haki ya kumuuliza, na wengine wasiokuwa nayo, alijibu hivyo hivyo, na ulikuwa ukweli. Alichokiona ni tope. Pikapu iliyokuwa imeshusha viazi kutoka Kibirichia iliingia kwenye mashine ya kuoshea magari aliyoiendesha saa mbili na nusu asubuhi, tope jekundu limeigandia hadi madirishani. Alipobonyeza kitufe na brashi kubwa za buluu zikaanza kuzunguka, alisikia kitu kikikwaruza mara moja, kisha kikanyamaza. Alidhani ni beringi ya mashine. Gari lililofuata lilikuwa jeusi, jipya, na lilikuwa la Mheshimiwa Kathuri.

Lilipotokea upande wa pili likichuruzika maji, mstari mweupe ulikuwa umepita kwenye boneti, kutoka taa ya kushoto hadi kwenye kioo, ukipanda na kushuka kama mshono wa mtu mwenye haraka. Kananu alitazama saa ya ukutani. Saa saba alipaswa kuwa mtaani Majengo, kwa jirani yake Mwanatatu, kumnyonyesha mwanawe wa miezi mitano ambaye bado aliikataa chupa.

Dereva ndiye aliyeshuka kwanza. Alipitisha ukucha juu ya mstari ule, ukazama.

"Woi," alisema kwa sauti ya chini. "Siste, leo umejiletea balaa."

Mlango wa nyuma ulifunguka, Mheshimiwa akashuka. Bwana Mutugi, mwenye mashine, alikuja mbio kutoka ofisini akijipangusa mikono, ingawa hakuwa ameshika maji.

"Mheshimiwa, pole sana. Hii tutapeleka kwa fundi leo leo, juu yangu."

"Nani amekuomba fundi?" Kathuri hakupaza sauti. "Saa tano niko na mkutano Muthara. Nisimame mbele ya watu na gari imechorwa hivi? Mashine inaendeshwa na nani?"

Mutugi aliinua kidevu kuelekea alikosimama Kananu.

Zamani gari lenye tope halikuingia mashineni moja kwa moja. Kananu au Oscar, kijana aliyekausha magari kwa vitambaa, alilimwagia maji kwa bomba la mkono kwanza, changarawe zikaanguka, ndipo likaruhusiwa kupita. Wiki mbili zilizotangulia, Mutugi aliukuta msururu wa magari umefika barabarani. "Mteja analipia mashine, nyinyi mnamwoshea na mkono," alifoka. "Sasa hii mashine nilileta ya kupigwa picha?" Aliukunja mpira wa bomba, akaufungia stoo, na ufunguo akautia kwenye mkanda wake. Kananu alijaribu kumweleza kwamba tope huacha vitu ndani ya brashi. "Wewe ni injinia?" Mutugi alimuuliza. Oscar alicheka wakati ule, naye Kananu akacheka pia.

Sasa alizima umeme, akapiga magoti kwenye maji ya sabuni na kuanza kupekua nyuzi za brashi kwa vidole. Aliipata. Ilikuwa sindano ya magunia, ndefu kama kiganja, imepinda kwenye ncha, na tunduni bado mlining'inia uzi wa kijani. Moyo wake ulipoa kidogo. Aliamini kwamba kitu kinachoonekana kwa macho hakiwezi kubishaniwa.

"Mheshimiwa, ni hii," alisema, akiinyoosha kwa mikono miwili kama anayepokea baraka. "Ilitoka kwa ile pikapu ya viazi. Madalali wanataka gunia lijazwe mpaka lipite mdomo, ndio tunashonea wavu juu kama kofia. Hata mama yangu ako na moja kama hii. Ingeoshwa na bomba kwanza, ingeanguka."

Mutugi alimtazama, kisha akautazama ufunguo uliokuwa mkandani mwake.

"Bomba gani?" aliuliza.

"Mama yako ni wa wapi?" Kathuri aliuliza.

"Kibirichia, Mheshimiwa."

"Kibirichia!" Kathuri alimgeukia dereva. "Si ndio walinirushia viazi wakati wa kampeni? Sasa wamehamia sindano."

Dereva alicheka. Mutugi alicheka pia, akichelewa kidogo. Kananu alimtafuta Oscar kwa macho.

"Oscar, si unajua bomba lilifungwa? Waambie."

Oscar alikuwa akikamua kitambaa kilichokwisha kukauka. "Mimi huwa niko huku nyuma," alisema. "Hiyo ya mbele sijui."

"Umetumwa na nani?" Kathuri alimuuliza Kananu kwa upole, kama mwalimu anayemsaidia mtoto mzito, na upole huo ndio uliomtisha kuliko makelele yote aliyowahi kupigiwa.

Kwenye kituo cha polisi walikompeleka, Sajenti Mbogo aliitia sindano ndani ya bahasha ya kaki, akaulamba mdomo wa bahasha na kuifunga.

"Hii kitu unaijua?"

"Afande, kwetu kila mtu anaijua."

"Kila mtu sijamwandika. Nimekuandika wewe."

"Niko na mtoto ananyonya, afande. Saa saba nafaa kuwa—"

"Ungemfikiria kabla ya kuingiza chuma kwa mashine ya watu. Weka sahihi hapa."

"Inasema nini?"

"Inasema ulichosema."

Saa ya kituo ilikuwa imesimama. Kananu alijua saa saba imefika pale maziwa yalipomjaa na ovaroli ikalowa kifuani pande zote mbili. Alikunja mikono kifuani ili sajenti asione. Hakuweka sahihi. Alasiri walimwambia kwamba asiyeweka sahihi hawezi hata kuombewa dhamana, na akaiweka.

Siku ya tatu, Mwanatatu alikuja na mtoto mgongoni. Askari wa zamu alimwambia watoto hawatembelei mahabusu, basi akazunguka nyuma ya jengo na kusimama chini ya dirisha dogo la juu.

"Kananu! Anakunywa uji sasa, usijali. Alilia siku mbili, akaacha."

Kananu alishika nondo. Kutoka pale aliona kipande cha anga tu.

"Ulienda kwa Mutugi? Ulimwambia aje aseme ukweli?"

"Nilienda, mwanangu. Hakutaka kuniona." Mwanatatu alimpandisha mtoto mgongoni. "Lakini lile bomba ulilosema lilifungiwa stoo, nimeliona nje. Oscar anaoshea magari nalo."

Tangu siku Kananu alipokamatwa, kila gari lenye tope lilimwagiwa maji kwa mkono kabla ya kuingia mashineni.