Jumamosi za Ukuta wa Viberiti

Nilimvunja binti yangu mkono. Ana miaka minane. Alimwaga maji kwenye godoro, nikamvuta kwa hasira. Sikuteleza, wala shetani hakunipitia. Ni mimi.

Watu wa ustawi wa jamii wakampeleka kwa dada yangu, mwendo wa nusu siku. Mama wa mtoto alishafariki. Wakaniambia: kila Jumamosi utakwenda huko kucheza naye, mshauri akiwapo. Akitaka kurudi kwako, atasema mwenyewe. Asipotaka, basi.

"Kucheza?" nikamuuliza mshauri. "Mama, mimi ni msimamizi wa waashi."

"Hapa msimamizi ni mtoto. Wewe kibarua. Usimwelekeze, usimsahihishe."

Mtoto akaanza kujenga ukuta wa maboksi ya viberiti. Ukapinda. Kwetu saiti, kozi ya matofali iliyopinda hubomolewa kabla saruji haijakauka, hakuna mjadala. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikaupangua. Mtoto akajifunika kichwa, akaingia chini ya meza. Hakutoka mpaka nilipoondoka.

Dada akanifuata mlangoni. "Kaka, ukuta wa viberiti ungemwangukia nani?"



Jumamosi iliyofuata nilikalia viganja vyangu. Ukuta ukapinda, nikanyamaza. Ukapinda zaidi, nikauma meno. Mwishowe akaniagiza.

"Kibarua, lete tofali. Si hilo, kubwa!"

"Samahani, bosi."

"Unachelewa sana wewe. Nitakufukuza kazi."

Shangazi yake alicheka huko jikoni hadi akakohoa.

Miezi ikapita. Siku moja nikajisahau, kidole kikaenda kunyoosha kona. Akaushika mkono wangu, akausukuma.

"Hapana, baba. Ukuta ni wangu."

Hakutetemeka. Alinitazama usoni. "Sawa, bosi," nikasema, nikaurudisha mkono.

Wiki tatu baadaye akasema atarudi, ila chumba chake kiwe na komeo kwa ndani. Nililifunga siku aliyorudi, yeye akinishikia skrubu.

Imetugharimu hivi. Jumamosi thelathini na nne. Saiti haimsubiri mtu, kwa hiyo usimamizi kapewa kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika mwiko, na sasa ananiamrisha yeye. Mtoto, kwa kuvunjika mkono na kuhamishwa, alikosa muhula mzima wa shule. Anarudia darasa la pili, wenzake wako la tatu.