Mwenge wa Cansilde

Cansilde alipanda ngazi za ile hoteli ya zamani kando ya ziwa, ambayo sasa ilikuwa chuo kikuu, akiwa amebeba sweta moja ndani ya mfuko wa plastiki. Alitaka kibali cha kufuma sweta zenye nembo ya chuo. Wanafunzi walikuwa wameshamwagiza, maana asubuhi za Gisenyi zina baridi, lakini kila sweta isiyo na kibali ilivuliwa getini na askari aliyeitwa Bizumuremyi. Bila kibali angebaki na kofia za watoto wachanga, na watoto wachanga, tuseme ukweli, ni wateja wa mara moja tu.

Viateur, mkuu wa ofisi ya nembo, aliikunjua sweta juu ya meza. Nembo ya chuo ilikuwa kitabu na mwenge, na mwenge ule wa uzi ulikuwa unawaka kweli. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, basi Viateur akaivuta sweta karibu na karatasi zake, akamalizia sentensi aliyokuwa akiiandika.

"Iko muzuri, mama," alisema. "Bon. Échantillon inabakia hapa."

Cansilde alijua kwamba sampuli huachwa ofisini. Hakujua kwamba zitakuwa nyingi.

Uzi wa manjano wa ule mwenge ulitoka kwenye sweta ya marehemu mumewe, Phocas. Kama wafumaji wote wa mjini, Cansilde alinunua sweta kuukuu sokoni Mahoko, akazifumua na kufuma mpya. Uzi wa dukani ni wa wenye nazo. Manjano safi ndiyo aliyoikosa huko sokoni. Phocas alikuwa mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, na kwa miaka mingi alikesha ziwani kando ya karabai, mwanga ukaingia kwenye sufu kama moshi unavyoingia kwenye nguo za mpishi. Siku ziwa lilipomchukua, sweta ilikuwa nyumbani, inakauka kambani. Cansilde alilala nayo tangu hapo. Alipoufumua mkono wa kwanza alilia sana, kisha akapangusa pua na kuanza kufuma.

Ofisi ikataka sampuli nyingine, ya mikono mirefu. Ikataka ya kike. Mhasibu akaomba yake, ili naye aweze kutoa maoni. Baadaye wakahitaji ya mtoto, endapo chuo kingefungua shule ya chekechea, jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Cansilde alileta zote. Sweta zilitundikwa kwenye misumari: ukumbini, kwenye chumba cha mafaili, juu ya meza ya mhasibu. Ile ya mtoto ilitundikwa chooni, kwa kuwa mwanga wake ulikuwa wa kiasi.

Jioni sambaza walianza kujaa ufukweni chini ya madirisha, wakiufuata mwanga, na walinzi wakawa wanawachota kwa chandarua. Mwezi ulipokuwa mpevu sweta hazikuwaka, maana siku hizo wavuvi wa sambaza hupumzika. Viateur alimwita Cansilde na kumkemea kwa adabu kuhusu huduma isiyo ya uhakika.

"Ni mwezi, monsieur," Cansilde akamjibu. "Hata mume wangu alikuwa analala."

Viateur aliona sababu hiyo inatosha.

Mvua za vuli zilipoanza, kibali kikatoka. Viateur alisimama kumpa mkono.

"Félicitations, mama. Ila iko na sharti moja. Zote ziwake sawa na échantillon."

"Ule uzi ulishaisha, monsieur. Yote iko hapa kwenu." Cansilde aliutazama msumari wa ukutani. "Munirudishie moja tu, niifumue."

Viateur hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kwa dhati, hata akavua miwani.

"Tukikurudishia, donc za kwako tutazilinganisha na nini?"

Hapo hapo kibali kikafutwa. Kwa kuwa giza lilikuwa limeingia na umeme haukuwepo, Viateur alitungua sweta msumarini, akamsindikiza akimmulikia ngazi. "Pole pole, mama, hapa simenti ilivunjika." Sweta ilinukia mafuta ya taa na samaki. Cansilde alimkumbuka Phocas, akasimama katikati ya ngazi, na Viateur, akidhani ni ile simenti, akamshika mkono.

Tangu hapo Cansilde aliacha kufumia nyumbani jioni. Alikuja na sufu yake, akaketi kwenye ukuta mfupi chini ya madirisha ya chuo, akafuma kofia za watoto wachanga kwa mwanga uliomwagikia nje. Mwanga huo ulimtosha. Mara nyingine alimsimulia Phocas habari za mtaani, kwa sauti ya chini.

Jioni moja Bizumuremyi alimjia kutoka getini, kofia yake mkononi.

"Mama, usikasirike. Bakubwa wamesema mwanga ni ya chuo. Kuitumia inaomba ruhusa."

"Ruhusa inatoka kwa nani?"

"Kwa monsieur Viateur, pale juu. Ukuje na échantillon." Akaitazama kofia iliyofumwa nusu. "Lakini umalize kwanza ule mustari. Mi sijaona kitu."

Cansilde aliumaliza mstari, akachomeka sindano kwenye donge la sufu, akauliza échantillon iwe ya saizi gani.