Megabaiti Nane za Wenyewe

Nilimfuta kaka yangu siku ya tisa baada ya mazishi, na nilimfuta kwa hasira. Kompyuta yake ndiyo iliyokuwa yeye: picha zake, barua zake, sauti yake akiimba ovyo, vyote vilikuwa humo. Alijua ana presha, mimi akaniambia ni uchovu tu. Mimi, dada yake wa pekee! Basi nikakaa kwenye kiti chake, nikafomati diski nzima, nikaweka mfumo mpya, nikajiambia sasa angalau inafaa kwa kazi.

Sote wawili ni mafundi wa kompyuta, na yeye ndiye aliyenifundisha. Wateja walimwita Bwana Kesho kwa sababu hakuna mashine iliyowahi kutoka mikononi mwake siku hiyohiyo. Mimi aliniita Bi Haraka, na jina lilinikaa kweli.

Wakati wa msiba Mama alikuwa anakula kidogo kwa kusukumwa na wageni. Wageni walipoondoka, akafunga mdomo. Chai inapoa, mkate unakauka. Muuguzi wa jirani akamshika mkono, akanivuta pembeni: "Akiendelea hivi wiki mbili, mtampoteza."

Nikaingia chumbani nimechemka. "Mama, unataka nini jamani? Sema, nitafute!"

Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga tu. Chumba chake na kile cha kazi vimetenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Akageuzia uso wake kwenye ukuta huo.

"Kompyuta ya mwenzio siku hizi hailii."

"Hailii vipi?"

"Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikuwa anaiwasha, inatoa kale kamlio kake. Nikikasikia najua mwanangu kaamka, basi na mimi naamka. Sijarukwa na akili. Najua nimemzika. Lakini nikingoja nisisikie kitu, sioni kwa nini nile."

Ule mlio ulikuwa wa mfumo wa zamani, ambao kaka alikataa katakata kuuacha. Huu mpya nilioweka mimi unawaka kimya kama mwizi. Nilikuwa nimemnyang'anya mama yangu asubuhi yake, na nilikuwa sijamwambia.

CD ya mfumo wa zamani niliikuta kwenye droo, ndani ya bahasha aliyoiandika kwa kalamu nyekundu: *Nane waachie wenyewe*. Nikasonya. Huo ulikuwa mzaha wake wa siku zote. Mfumo ule, ukiuachia uikate diski vipande wenyewe, hubakiza megabaiti nane mwishoni ambazo hazitumiki kwa lolote. Kaka alikuwa anasema hizo ni za wenyewe, wale wasiotajwa, na kwamba nikizichukua nitakiona cha moto. Mimi nafasi ikipotea bure inaniuma. Nikaichomoa diski, nikaiunganisha na mashine yangu, nikafuta vipande vyote, maana vilikatwa kwa mtindo mpya ambao mfumo wa zamani hauutambui, nikakata kipande kimoja mpaka megabaiti ya mwisho. Nikafomati ile ya harakaharaka, nikairudisha kwenye mashine yake, nikaweka mfumo wa zamani. Kufikia mchana kila kitu kilikuwa tayari.

Kesho yake saa kumi na mbili nikaiwasha. Mlio ukatoka wote, mtamu. Nikakimbilia kwa Mama na chai mkononi.

"Siyo yeye," akasema.

"Mama! Ni uleule, CD ileile!"

"Huo mrefu. Wa kwake ulikuwa unaishia katikati."

Mimi sikuwahi kuamka mapema hivyo nyumbani kwetu, ningejuaje? Siku ya pili nikaamua kudanganya, Mungu anisamehe. Spika zake ni za zamani, kitufe cha sauti ni cha kuzungusha na kimekaza. Lazima uishike spika kwa mkono mmoja na kuzungusha kwa mwingine. Mlio ulipofika nusu nikazungusha mpaka sifuri. Ng'ambo ya ukuta nikamsikia Mama akicheka, cheko lisilo na raha.

"Haraka zako nazijua tangu ukiwa tumboni," akasema. "Usinichezee, mwanangu. Nimechoka."

Siku hiyo hata maji hakunywa. Nikaenda jikoni nikalia kwa sauti, sikuona aibu.

Nilipomaliza kulia nikaichukua tena ile bahasha ya kalamu nyekundu. "Haya," nikasema peke yangu, "wenyewe chukueni nane zenu, mnirudishie mama." Nikafuta kila kitu, safari hii nikaiachia CD ikate diski yenyewe. Skrini ya buluu ikaniandikia chini kabisa: nafasi isiyogawanywa, megabaiti nane. Nikaziacha. Nikachagua kufomati kule kwa polepole, kama alivyokuwa anafanya Bwana Kesho, nikavuta kigoda nilichokuwa nakalia enzi za kujifunza. Kwenye kiti chake sikutaka kukaa tena.

Mstari wa njano ukatambaa. Kwenye asilimia thelathini na saba kiti kililia *kwii*, kama kinavyolia mtu akijilaza kuegemea. Nikakitazama. Jua la mchana lilikuwa linapiga pale pale kwenye mto wake uliobonyea. Nikajiambia mbao zinapata joto, nikakaza macho kwenye skrini. Mfumo ulipouliza jina la mwenye mashine, niliandika Bwana Kesho.

Asubuhi nikaacha sauti ya spika juu kabisa. Nikabonyeza kuwasha, nikainua sinia la chai kwa mikono miwili, nikasimama mlangoni. Nataka mjue hilo: mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye sinia.

Mlio ukaanza. Ulipofika katikati, spika ikakwaruza meza kidogo, kama kitu kinachoshikwa kisisogee. Halafu sauti ikashuka taratibu, taratibu kabisa, mpaka ikaisha. Kitufe kilikuwa kwenye sifuri.

Ng'ambo ya ukuta Mama akakohoa kama mtu anayeamka.

"Huyo!" akasema. "Niletee chai."

Alikula vipande viwili vya mkate, makombo yakimdondoka kifuani. Mimi nilikaa pembeni ya kitanda nikiyapangusa, nina furaha na woga pamoja.

"Masikini mwanangu," akasema akitafuna. "Alikuwa anaukata asiniamshe. Miaka yote hiyo. Na mimi mwenzake niko macho tangu alfajiri, nausubiri." Akaweka kikombe. "Mwambie."

"Nimwambie nani, Mama?"

"Nenda kamwambie nilikuwa macho."

Nilitaka kukataa, wallahi. Lakini nilikwenda. Nikasimama mbele ya kiti kitupu mchana kweupe, mtu mzima na akili zangu.

"Kaka," nikasema, "Mama anasema alikuwa macho. Hukumwamsha hata siku moja. Alikuwa anakusubiri wewe." Nilidhani nimemaliza, kumbe bado. "Na mimi nilikufuta. Nilikuwa na hasira na wewe kwa kuondoka bila kuniambia. Nisamehe."

Kiti hakikulia. Hapakuwa na kitu. Nikachomoa waya wa kompyuta ukutani, kwa sababu nilikuwa naogopa na sitaki kujidai, na ile sauti nikaiacha palepale kwenye sifuri.

Kesho yake nilikuwa jikoni, maji yakiwa hayajachemka. Saa kumi na mbili kamili mlio ukatoka chumba cha kazi. Ukafika katikati, ukapita. Ukaenda mpaka mwisho kabisa, kwa sauti kubwa iliyotikisa glasi kwenye kabati. Waya ulikuwa bado sakafuni, nilipouacha.

Nikamkuta Mama ameketi kitandani, kiganja kimebandikwa ukutani, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na anacheka.

"Umemwambia," akasema.