Kitufe Kiwe na Kingo

Kitufe kiwe na kingo. Nililisema hilo siku nzima ile, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, na mwisho kwa makelele mbele ya mgeni. Kiwe na kingo, kiwe na neno juu yake, na ukikibonyeza kizame kidogo kama godoro, ujue kimekusikia.

Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa na vitufe vya namna hiyo. Tuliiita Shangazi, kwa sababu ilikuwa pana, ililalamika kabla ya kuamka, na ikishaamka haikukataa kazi. Ilikaa kwenye kona ya karakana ya Mama ya kudarizi, imeunganishwa kwa waya mnene na mashine iliyosimama katikati ya chumba. Vitufe vya Shangazi vilijipanga kwenye skrini kama miche ya sabuni dukani, juu vyeupe, chini vina kivuli. Ukifungua picha kubwa, ulitokea mstari wa vijisanduku vya buluu vikijijaza kimoja kimoja, na roho yako ikapanda navyo mpaka mwisho. Mimi nilikuwa napiga makofi. Mtu mzima, napiga makofi.

Tena maneno yake yalikuwa yangu. Nilipotoka chuoni, wino wa stashahada haujakauka, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufungua faili la maneno la programu ile, kuyatoa yote ya kigeni na kuweka ya kwetu. Fungua. Hifadhi. Kuza. Zungusha. Tendua. Anza. Mama aliyashika upesi, maana karakana yetu ina utaratibu wake. Yeye husimama kwenye mashine, mikono yote miwili imeinua nguo ili uzito wake usiivute fremu, na mwingine hukaa kwa Shangazi. Sindano ikishaanza kunguruma, hakuna mazungumzo marefu. Mama anapaza neno moja, wewe unabonyeza neno hilohilo.

"Kuza!" Nakuza.

"Tendua!" Natendua.

Maneno yakahamia nyumbani. Paka akimwaga maziwa, "Tendua!" Mgeni akiaga halafu akaketi tena, Mama ananong'ona sikioni mwangu, "Mwanangu, hii programu imekwama." Lakini alichokipenda kupita vyote ni kile kisanduku kilichochomoza kabla ya sindano kushuka, kikiuliza: Una hakika? Na chini yake vitufe viwili vinene, Ndiyo na Hapana.

"Huyu ana adabu," Mama alikuwa akisema. "Hata baba yenu hakuniuliza hivyo."

"Ningekuuliza ungesema hapana," Baba akamjibu siku moja kutoka uani, na karakana nzima ikasimama kwa kicheko.

Basi akaja kaka yangu na tableti.

Kaka yangu anabuni aplikesheni katika ofisi yenye kuta za vioo. Alikuwa amebuni moja ya mafundi wa kudarizi, na mchana ule bosi wake alikuwa anakuja kumrekodi Mama akiitumia, ili video hiyo iwe tangazo lao. Kabla bosi hajafika, Kaka alimchomoa Shangazi, akamsukuma chini ya meza ya kukatia na kumfunika shuka kuukuu. Kisha akaiunganisha tableti na mashine, akatuwashia maajabu yake.

Weupe mtupu. Skrini ilikuwa kama chumba ambacho wapangaji wamehama usiku. Chini kabisa palikuwa na vijipicha vichache, vyembamba kama unywele.

"Maneno yako wapi?" nikauliza.

"Maneno yanajaza skrini, mdogo wangu. Picha inaeleweka na kila mtu."

"Haya, hii ni picha ya nini?"

"Hiyo ni kutendua. Mshale unaorudi nyuma."

"Mimi naona ndizi," Mama akasema.

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ni kuhifadhi."

"Ndizi iliyolala," Mama akasema.

"Na hili duara linaloelea peke yake?"

Kaka akatabasamu kama mtu anayefungua zawadi. "Hilo ndilo bora kuliko vyote. Kazi yake inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea umefika wapi."

"Kaka, mimi nimefika mwisho."

"Umeachwa na wakati, wewe."

"Na wewe umeachwa na vitufe!"

Mama alicheka nasi, lakini niliiona mikono yake. Kidole chake kilikuwa kinaelea juu ya kioo kile kama mtu anayejaribu kama pasi imeshapata moto. Alikipeleka, akakirudisha. Kisha akauliza taratibu, "Sasa mwanangu, nikikwama, niwe nakupigia simu?"

"Wakati wowote, Mama. Hata ukiwa na kazi ndogo, wewe nipigie tu."

Alimaanisha wema, najua. Lakini Mama aliiendesha karakana ile kwa neno moja moja tangu mimi natambaa chini ya meza zake, na kuanzia siku ile angekuwa anaomba msaada kwenye mashine yake mwenyewe, kama mgeni anayeuliza choo kiko wapi. Shuka lile lililomfunika Shangazi nililiona kama limemfunika Mama.

Bosi akaingia, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, simu yake ya kurekodia imesimama kwenye kijiti. Kazi iliyokuwa kwenye mashine ilikuwa joho la mwalimu mkuu anayestaafu. Kifuani palitakiwa nembo ya shule, jua juu ya kitabu, na mwenyewe angelifuata jioni ileile. Mama akaliinua joho kwa mikono miwili. Kaka akakaa na tableti yake.

"Fungua!"

Nembo ikatokea, lakini ndogo kama kifungo cha shati.

"Kuza!"

Kaka akatanua vidole viwili juu ya kioo. Nembo ikageuka miguu juu, kichwa chini.

"Tendua!"

"Subiri, Mama..."

"Tendua!"

"Ndizi!" nikapiga kelele. "Bonyeza ndizi!"

"Ndizi ipi?"

"Iliyosimama!"

"Zote zimepinda!"

Akagusa iliyolala. Aplikesheni ikahifadhi, ikajipongeza kwa mlio wa kengele, ikaturudisha kwenye ukurasa wa kwanza, ambako kila mtumiaji mpya anakaribishwa na mchoro wa mfano: wingu lenye mashavu manene linalocheka. Kaka akaligusa lile duara ili arudi kwenye nembo. Lakini duara lilishaamua kwamba tumefika kwenye kushona. Halikuuliza kama tuna hakika. Sindano ikashuka.

"Simama!" Mama akapaza.

"Natafuta!"

"Simamisha!"

"Natafuta, Mama, kipo hapahapa!"

Kifuani pa mwalimu mkuu likachomoza jicho la mviringo. Kisha la pili. Kisha mdomo ukaanza kupinda kuelekea shavuni. Ubavuni mwa mashine kuna kitufe chekundu, kikubwa kama nusu ya limau, kitufe pekee chumbani mle kilichokuwa bado kinafanana na kitufe. Nikakirukia na kukipiga kofi. Kikazama. Kukawa kimya.

Tukainama sote kulitazama joho. Macho mawili na nusu ya tabasamu.

"Limefurahi kustaafu," bosi akasema.

Mama akaangua kicheko hadi akatafuta kiti. Kaka peke yake hakucheka. "Bado unarekodi?" akamuuliza bosi.

"Sana."

Hapo sikuomba ruhusa ya mtu. Nikavuta shuka, nikamtoa Shangazi kwa magoti na viwiko, nikauchomoa waya wa tableti kwenye mashine na kuchomeka ule mnene. Kaka alikuwa ananikimbilia. "Usiguse! Tuko katikati ya tangazo!" Shangazi akakohoa, akaguna, akafikiria, akaamka, na vitufe vyake vyote vikajipanga na vivuli vyao. Ningeweza kuvibusu.

Mama alishasimama, amebana kipande cha kitambaa kizito kwenye fremu. Tungeshona nembo kubwa juu yake, kisha tuibandike juu ya wingu.

"Fungua!"

"Tayari!"

"Kuza!"

"Tayari!"

"Kuza tena, wingu lina mashavu yale!"

"Tayari!"

"Zungusha kidogo... umepitiliza! Tendua!"

"Nimetendua!"

"Anza!"

Kisanduku kikachomoza, nami nikakisoma kwa sauti ya kufungisha ndoa. "Una hakika?"

"Ndiyo!" Mama akaitikia, na kidevu chake kilikuwa juu.

Vijisanduku vya buluu vikaanza kujijaza, na safari hii tulikuwa wawili tunaopiga makofi, mimi na bosi. Kazi ilipokwisha, akasogea karibu nami kama mtoto dukani. "Naomba nibonyeze kimoja." Nikampa Hifadhi. Akabonyeza, kikazama, akacheka, akabonyeza tena.

"Bosi!" Kaka akalalamika.

"Lakini kinazama," bosi akasema.

Mwalimu mkuu alifika jioni, akavaa joho, akaipapasa nembo. "Mbona imenenepa?"

"Imeshiba elimu, mwalimu," Mama akamwambia.

Akaondoka kwa maringo, huku nyuma ya jua na kitabu, karibu kabisa na moyo wake, wingu likimchekea bila yeye kujua. Bosi naye akaondoka na video yake nzima na hakuahidi chochote. Kaka akabaki amesimama mbele yangu, tableti kwapani.

"Umenichomolea waya mbele ya bosi wangu."

"Ndiyo."

"Umeniharibia tangazo."

"Ndiyo."

"Niombe radhi."

Mama alikuwa ameshapachika nguo nyingine, anasubiri mtu wa kukaa kwa Shangazi. Nikaketi.

"Siombi."

"Una hakika?" Kaka akauliza.

"Ndiyo. Siombi radhi leo, siombi kesho. Hebu mshikie Mama ule upande wa pili, nguo inavuta."