Jina Lililomo Siniani

Jamani, siku ile nusura moyo unitoke mdomoni! Wageni wamejaa sebuleni kumchumbia dada yangu Kusumlata, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba Kusum ameshaolewa kwa siri hekaluni na Gulab, mtoto wa mshona viatu wa pale kona. Sisi Mabrahmini, tabaka la juu kabisa, baba hanywi hata maji ya nyumba yao. Angejua, dada angefungiwa ndani na Gulab angevunjwa miguu.

Na kwetu mke hatamki jina la mumewe. Mtu akilitaja, mke huvuta upindo wa sari akajifunika uso. Wote mtaani walikuwa hivyo, isipokuwa bibi yetu, Dadi. Babu alipokuwa hai, Dadi alikuwa akimwita "We Devnarayan!" mpaka sokoni wanasikia, na watu wakisema bibi huyu hana haya. Ana vituko vyake Dadi. Hata mwezi, ambao sisi tunauita chand, yeye husema tu "kile cha juu."

Basi Kusum akaingia na sinia. Mama wa bwana harusi akatabasamu.

"Umetuletea nini, binti?"

"Vitamu, mama."

"Macho ninayo! Vinaitwaje?"

"Hivi... vya mviringo. Vya kwenye shira."

Shangazi yetu, ulimi wembe, akacheka. "Si useme gulab jamun, we! Umeng'atwa ulimi?"

Kusikia hivyo, mkono wa Kusum ukaenda wenyewe kwenye sari. Akajifunika uso. Mungu wangu!

Kicheko kikakatika. Mama mgeni akaweka kikombe chini. "Mbona binti huyu anajifunika kama mke wa mtu?"

Baba akasimama. Shangazi akakunja uso, nikaona kabisa anaanza kuunganisha mambo. "Gulab si yule kijana wa—"

"Hebu kwendeni huko!" Dadi akafoka kutoka kwenye kiti chake. "Mimi ndiye ninayemfundisha adabu za ukweni. Nimemwambia kila jina la kiume alisikialo ajizoeze nalo. Au nyie mlitaka mkwe wa kuokota?"

Wageni wakaangua kicheko, mama mgeni akafurahi kupita kiasi. Baba akaketi. Dadi akamshika Kusum mkono, "Twende tukaongeze shira," nami nikawafuata mbio.

Jikoni akamtupia shali. "Yuko wapi huyo mwanamume?"

"Stesheni, Dadi, lakini tulipanga kesho..."

"Kesho ya nani? Watakuvika pete sasa hivi! Kimbia, mwanangu, kimbia!"

Kusum akaigusa miguu ya Dadi, akapita mlango wa nyuma akilia na kucheka. Mimi nilirukaruka kwa furaha mpaka nikamwaga maziwa.

"Dadi, ulijuaje?"

"Niliuona mkono wake. Haufundishwi ule."

"Lakini wewe hukujifunika hata mara moja kwa jina la babu!"

Akakoroga shira. Dirishani, mchana ule mweupe, mwezi ulikuwa umetoka mapema juu ya paa la jirani. Nikautazama, nikamtazama yeye, nikakumbuka kwamba Chand ni jina la wanaume pia.

"Dadi," nikasema polepole, "Chand ni nani?"

Mwiko ukamponyoka. Dadi akavuta upindo wa sari, akajifunika uso.