Kipimo cha Mita Tatu

Mama yake alipopatwa na kiharusi, Erasmo aliacha kazi Penang, huko Malaysia, akarudi kijijini kwao Mbuji kumuuguza. Alikuwa mtoto pekee wa Walburga, na hakuna aliyemlazimisha. Akajifunza upya kulima ngolo, yale mashimo yanayozuia udongo usisombwe mlimani, kuchuma kahawa, kumshikia mama kikombe mdomoni. Mwaka ukapita. Majirani wakasema kijana ametulia. Hawakujua kwamba kila alfajiri, kabla macho hayajafumbuka vizuri, alikuwa akisikia mvumo wa chumba kile.

Chumba chenyewe kilikuwa ndani ya kiwanda cha chipu, vile vipande vidogo vya silikoni vinavyoendesha simu na kompyuta. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, hewa imechujwa hata vumbi likakosa pa kutua, na watu wote walivaa nguo nyeupe toka utosini hadi nyayoni, yakabaki macho tu. Kazi ya Erasmo ilikuwa kukagua usalama wa mashine kabla hazijaanza kutumika. Gesi ya sumu ikivuja, bomba litajifunga lenyewe? Fundi akifungua mlango, umeme utakatika? Aliipenda kazi ile kama wengine wanavyopenda ngoma. Na kati ya macho yale yote palikuwa na macho ya Hafidha, fundi kutoka Tanga, Mtanzania mwenzake pekee pale. Wakati wa chakula walikaa pamoja wakazungumza Kiswahili mpaka kengele ikawaachanisha. Erasmo hakuwahi kumwambia neno zaidi ya hayo. Siku ya kuondoka walipeana mikono tu.

Basi kampuni yake ya zamani ikamwandikia: wakaguzi ni wachache, je, angeweza kukagua mashine moja kwa njia ya video? Erasmo alimwacha mama na shangazi Lidia, akashuka Mbinga mjini, akakodi chumba cha nyuma katika duka la Mzee Ismail, mahali ambapo mtandao haukatiki ovyo.

Picha ilipofunguka, aliyeshika kamera alikuwa Hafidha.

"Kaka Erasmo! Mbona umekonda?"

"Jembe hilo, dada. Si ugonjwa."

Macho yake yalicheka juu ya barakoa. Erasmo akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kalamu.

Wakaanza kazi. Mashine ilikuwa ya kuchonga silikoni kwa gesi, kubwa kama gari. Hafidha aliizunguka pole pole, akifungua kila mlango alioambiwa, akisoma kila onyo kwa sauti. Kila kitu kilikuwa sawa. Walipofika nyuma, Erasmo akasema, "Hebu simama hapo."

Kiwango cha kimataifa kinataka hivi: popote fundi anapofanyia kazi, asitembee zaidi ya mita tatu kukifikia kitufe chekundu cha kukata umeme wote. Na hupimwa kama mguu unavyopita, si kama ndege anavyoruka. Pale nyuma bomba nene lilikuwa limejitokeza, na fundi angelazimika kulizunguka. Kwa macho ya Erasmo njia ile ilizidi mita tatu.

Moyo ukamruka kwa furaha, na furaha ile ndiyo iliyomtisha. Maana alijua utaratibu: mashine ikishindwa, marudio hayafanywi kwa video. Mkaguzi huitwa kiwandani, nauli juu ya mtengenezaji wa mashine. Shangazi Lidia angeweza kukaa na mama kwa muda. Tayari alijiona akivaa nguo nyeupe, akisukuma mlango, na Hafidha amesimama upande wa pili.

Hafidha naye alikitazama kitufe, akalitazama bomba. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hapa ni karibu mno na mita tatu, kaka. Ukisema imeshindwa, hakuna atakayekulaumu." Akaongeza, "Na watakuita."

"Unataka niseme hivyo?"

"Nataka uje," Hafidha akasema. "Hilo la mashine ni lako."

Mwaka mzima Erasmo alikuwa ametamani kusikia maneno yale. Aliondoka mbele ya kompyuta, akasimama dirishani. Uani, mke wa Mzee Ismail alikuwa akipepeta mchele. Erasmo akajiuliza: ninaona kosa, au ninalitaka? Akarudi kuketi.

"Chukua futi ya utepe," akasema. "Ilaze sakafuni, izungushe bomba kama mguu unavyopita."

Akaona mikono yenye glavu ikinyoosha utepe, ikiukunja kwenye kona. Hafidha alichuchumaa muda mrefu. Angeweza kuulegeza kidogo tu, na Erasmo asingejua.

"Haijafika mita tatu," akasema hatimaye. "Imepungua vidole vichache."

"Pima tena."

Akapima tena. "Imepungua, kaka Erasmo."

"Basi imepita."

"Imepita."

Hakuna aliyecheka. Kabla ya kuaga, Erasmo alimwomba aishike kamera bila kusema kitu. Hafidha akaielekeza kwenye chumba chote, na Erasmo akakaa akisikiliza ule mvumo hadi picha ilipozimika.

Alipofika Mbuji, alimkuta mama kibarazani. Tangu augue, Walburga alisema kwa taabu, nusu ya mdomo.

"Wamekuita?"

"Hapana, mama."

"Ulitaka."

"Nilitaka, mama."

"Mimi nataka ziwa," mama akasema. "Liuli. Kwetu."

Erasmo alijua mama alizaliwa Liuli na kupandishwa mlimani akiwa bibi harusi. Lakini hakuwahi kumsikia akipataja kwa sauti ile.

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Ningesema, ningefika?"

Jumamosi iliyofuata Erasmo alikodi gari, wakateremka hadi ziwani. Alimbeba mama mpaka mchangani, akamketisha, miguu yake ikiguswa na maji. Karibu nao wanawake walikuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwani. Walburga aliyatazama maji bila kupepesa, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Erasmo akaketi kando yake. Hamu yake mwenyewe haikuwa imepungua hata kidogo.

"Hicho chumba chako cha kiwandani," mama akasema baadaye. "Kikoje?"

Tangu arudi, hakuna aliyewahi kumwuliza. Erasmo akavuta pumzi, akaanza kumweleza, kuanzia kwenye mwanga.